Skafu Inamsubiri Anyamaze

Mama Pacha hakuwa mtu wa kuvumilia maneno ya bure. Ofisini kwake, chumba kidogo kilichojibana chini ya ngazi za jengo la utawala la chuo, alikuwa amebandika ukutani karatasi ya maneno aliyoyapiga marufuku: mwisho wa siku, kiukweli, kwa namna moja ama nyingine, niseme tu kwamba, changamoto zipo, tumejipanga, tuko pamoja. Nyumbani sheria ilikuwa hiyohiyo. Pacha wake, wasichana wa miaka kumi na minne, walijua kwamba atakayesema "kiukweli" mbele ya mama yao ndiye atakayeosha vyombo siku hiyo, pamoja na sufuria iliyoungua.

"Kwani ukisema kiukweli leo, yale ya jana yote yalikuwa uongo?" aliwauliza.

"Lakini mama, kiukweli..."

"Vyombo hivyo hapo."

Haikuwa ukali wa bure. Mwanamke huyu alikuwa na stashahada ya uhazili, na kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa moja: kuvaa hedifoni, kusikiliza hotuba zilizorekodiwa chuoni, kuzichapa, na kufuta takataka. Wenyewe waliita kusafisha. Kinachobaki kinajalidiwa kuwa vitabu na kupelekwa maktaba. Chuo kile bado kilitumia kaseti, kwa sababu Msajili aliamini kwamba kitu usichoweza kukishika mkononi hakipo.

Kulikuwa na desturi moja pale. Mtu akichaguliwa kupewa Udaktari wa Heshima, wiki mbili kabla ya mahafali anaitwa, anaketishwa mbele ya kinasa sauti, anaulizwa kuhusu kazi yake mpaka amalize yote anayoyajua. Kaseti inatunzwa, maneno yanachapwa. Mwaka huu kulikuwa na kaseti moja tu ya aina hiyo, na Mama Pacha alikuwa ameisukuma pembeni ya meza wiki nzima. Ilikuwa ya baba yake mzazi.

Watu walimwita Fundi. Kwa miaka arobaini alikuwa ametengeneza pampu za mkono za visima vya shule, zahanati na vijiji, na aliacha shule darasa la tatu. Alikuwa mtu ambaye ukimuuliza kama chai iko tayari, anaanza na habari za aliyechimba kisima kilichotoa maji ya chai. Binti yake alijua kaseti ile itakuwa ndefu, akaiogopa kama mtu anavyoogopa kikapu cha nguo chafu.

Jumatatu ya wiki ya mahafali akaanza na iliyo rahisi, hotuba ya Mkunga. Huyu alikuwa mama wa miaka sabini hivi aliyezalisha nusu ya mji, na miaka minane nyuma chuo kilimpa udaktari huohuo. Sasa alikuwa amealikwa kuwaeleza wanafunzi wa uuguzi habari za mtoto anayetanguliza miguu. Dakika thelathini na nne. Mama Pacha alichapa, akafuta, akachapa, akafuta. Makofi ya mwisho yalipolia masikioni, akainua macho kutazama kioo cha kompyuta.

Ukurasa ulikuwa mweupe.

Akadhani amebonyeza vibaya. Akarudisha kaseti mwanzo, akasikiliza tena mikono ikiwa mapajani. Hakuwa amekosea. Katika dakika thelathini na nne, yule mama hakusema hata neno moja ambalo halikuwa kwenye karatasi ya ukutani.

"Huyu mama amepatwa na nini?" akasema peke yake. Akainuka, akashusha kitabu cha miaka minane iliyopita, cha mahojiano ya Mkunga kabla hajavikwa udaktari. Alikumbuka kukichapa. Humo mlikuwa na maneno haya: *Ukikuta mguu, usiuvute. Mwache mama apumue. Tafuta nyonga kwa vidole viwili, izungushe taratibu, kama unayegeuza mto chini ya kichwa cha mtu aliyelala.* Kurasa arobaini na moja za namna hiyo, na hakuna alipopumzika.

Basi akatafuta na kaseti yenyewe ya mahojiano yale, asikie tu sauti ya zamani ilivyokuwa. Akaitia kwenye mashine.

Kiti kililia kwanza, kama alivyokumbuka. Mbwa akabweka mara tatu nje ya dirisha, kama alivyokumbuka. Kisha Mkunga, sauti yake bado changa kidogo, akasema: "Kiukweli, niseme tu kwamba, mwisho wa siku suala la mtoto, kwa namna moja ama nyingine, changamoto zipo, ila tumejipanga..."

Mama Pacha akazima. Akatazama kitabu. Akatazama mashine. Vidole vyake mwenyewe ndivyo vilivyochapa kitabu kile kutoka kwenye kaseti ile.

Alitoa kaseti nyingine. Ya mjenzi wa madaraja. Ya mwalimu wa viziwi. Ya mzee mmoja mhifadhi wa mbegu. Zilikuwa sita kwa jumla, pamoja na ya Mkunga, na kila moja aliisikiliza huku amefungua kitabu chake mezani. Vitabu vilisema mambo, kila kimoja jambo lake. Kaseti zote zilisema maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule. Na wote sita, waliorekodiwa kwa miaka tofauti, walivuta pumzi mahali pamoja, dakika ya kumi na moja, kama vile pafu lilikuwa moja.

Hakuwa mtu wa woga. Alifunga dirisha, akalifungua tena, akachukua mkoba wake, akaenda kwa Mkunga.

Mlango ulifunguliwa na mkwe wa Mkunga, mjamzito wa miezi minane, mkono kiunoni. "Karibu ndani, dada. Mama Daktari yupo sebuleni."

Mkunga alikuwa ameketi chini ya cheti chake. Fremu ilikuwa kubwa, na kwa kuwa ukuta ulikuwa mdogo, walikuwa wameitundika juu ya dirisha, ikaziba mwanga. Kidogo kilichoingia kiliingia pembeni, kama maji yanavyopita chini ya mlango.

"Shikamoo, mama."

"Tuko pamoja," akajibu Mkunga, akitabasamu.

"Mama, nina swali moja tu. Mtoto akitanguliza mguu, unafanyaje?"

"Kiukweli," akaanza Mkunga, "niseme tu kwamba mwisho wa siku..."

Mdomo uliendelea. Lakini mikono ilikuwa imechukua mto wa kiti, ikaulaza mapajani. Vidole viwili vikapapasa ukingo, vikatafuta, vikapata. Mto ukageuka taratibu sana, nusu mzunguko, ukatulia. Mikono ile ilikuwa inajua kila kitu. Na wakati wote huo macho ya yule mama yalikuwa juu ya tumbo la mkwe wake, hayatabasamu.

Mkwe akacheka. "Siku hizi anaongea kisomi, sisi wengine hatuambulii kitu. Mimi nimeamua tu, nitakwenda hospitali nikaonane na wageni."

Mkunga akaachia mto. Akamshika Mama Pacha kiganja, kwa nguvu ambayo mtu hangeitegemea kwa mzee, akamvuta karibu mpaka pumzi zikagusana.

"Mwisho wa siku," alisema, polepole, akilisukuma kila neno kama mtu anayeita akiwa amefungiwa chumba cha pili. "Mwisho. Wa. Siku."

Machozi yakamtoka. Tabasamu halikuondoka.

Kesho yake asubuhi, kabla hata hajavua viatu vya barabarani, Mama Pacha alitia kaseti ya baba yake kwenye mashine. Fundi alikuwa mzima kabisa: anaeleza washa, ile pete ya ngozi ndani ya pampu, inavyokauka, inavyolia kama mlango ikianza kuchoka, inavyonuka ikilowekwa kwenye mafuta. Mama Pacha akaanza kupumua. Dakika ya kumi na moja Fundi akavuta pumzi, akasema: "Kiukweli."

Neno hilo Fundi hakuwahi kulisema maishani. Alirudisha nyuma asikie vizuri.

"Kiukweli, niseme tu," ilisema kaseti, safari hii maneno yameongezeka.

Akaitoa haraka kama mtu anayetoa mkono motoni. Hakuthubutu kuisikiliza tena.

Alhamisi alasiri alimkuta baba yake kibarazani anapaka viatu rangi. Pacha mmoja alikuwa anakunja pindo la suruali ya babu, mwingine ameshika pini mdomoni.

"Baba, usiende Jumamosi."

"Kwani viatu vibaya?"

Akamweleza yote, moja kwa moja, bila kuzunguka. Kaseti, vitabu, Mkunga na ule mto. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, brashi mkononi.

"Umemaliza? Haya. Sikiliza, mama." Hivyo ndivyo alivyomwita tangu mtoto. "Mimi nimeshuka visima mia mbili na kumi na sita. Kila nikipanda juu watu wanashangilia. Wanashangilia maji. Sawa, ndivyo inavyotakiwa. Lakini mara moja tu na mimi nataka kusimama mahali pakavu, niitwe."

"Uitwe kitu ambacho hukukisomea? Baba, ile shahada wanaigawa kama kofia za mkutano wa hadhara. Mwaka juzi nusura wampe mtu kwa sababu aliwaletea basi."

"Basi lilikuwa linatembea?"

"Linatembea."

"Basi angalau alijua kitu."

Pacha wa pini alicheka, pini ikaanguka.

"Baba, mimi sitanii. Watachukua maneno yako."

"Maneno yangu?" Fundi aliweka brashi chini. "Na nani anayataka? Wewe? Nikianza kukueleza habari ya pampu, hata sijafika kwenye valvu, unaniambia, 'Baba, kwa kifupi.' Asubuhi kwa kifupi, jioni kwa kifupi. Miaka kumi na tisa, mama. Wale wa chuo walikaa wakanisikiliza saa mbili nzima, hakuna aliyeangalia saa. Kama kuna mtu anayataka, ayachukue."

Mama Pacha akainama kuokota ile pini.

"'Kwa kifupi' haimo kwenye orodha yake," pacha wa pindo alimnong'oneza mwenzake.

Ijumaa kulikuwa na mazoezi ukumbini. Msajili, mwanamume mwembamba mwenye glavu nyeupe, alimwonyesha Fundi pa kusimama, pa kuinama, pa kushukuru. Mama Pacha alikuwa kwenye kile chumba cha vioo kilichoko juu, nyuma ya viti, anajaribu vipaza sauti, akasikia kila kitu.

"Kwanza unatoa neno la shukrani," alisema Msajili. "Ukimaliza unanyamaza, unainamisha kichwa, ninakuvika skafu nyekundu. Hapo unakuwa daktari. Mtu anapozungumza hatumgusi. Skafu inamsubiri anyamaze. Ndivyo ilivyo tangu chuo kianze."

Mama Pacha akabonyeza kitufe, sauti yake ikatokea kwenye spika za ukumbi mzima. "Na asiponyamaza?"

Msajili aliinua uso kutazama juu, kwenye vioo. "Anasubiriwa."

"Mpaka lini?"

"Kila mtu hunyamaza, Mama Pacha," alisema kwa upole. "Tumejipanga."

Jumamosi saa nne asubuhi ukumbi ulikuwa umejaa. Safu ya mbele waliketi madaktari wa heshima sita wa miaka iliyopita, majoho mekundu, mikono mapajani. Midomo yao ilikuwa inacheza kidogo kidogo, pamoja, bila sauti. Mikono ya Mkunga ilikuwa inageuza hewa.

Fundi alisimama jukwaani, joho likimpwaya mabegani. Nyuma yake, hatua mbili, alisimama Msajili ameishika skafu kwa mikono miwili, tayari.

"Nawashukuru," alianza Fundi. "Kisima changu cha kwanza nilishuka nikiwa na miaka kumi na saba. Kilikuwa na futi arobaini na mbili, na kamba ilikuwa ya katani, fupi kwa futi sita, kwa hiyo zile sita za mwisho niliruka." Watu wakacheka. "Chini kule nikajifunza kwamba pampu haifi ghafla. Inaanza kukohoa. Ukiisikia inakohoa ikipanda, angalia washa. Ikikohoa ikishuka, hapo, kiukweli..."

Akasita. Uso wake ukabadilika, kama mtu aliyeuma jiwe kwenye chakula.

"Ikikohoa ikishuka," akaanza upya, "mwisho wa siku, kwa namna moja..."

Akakamata kingo za meza ya kuhutubia. Akatazama safu ya mbele, akaiona mikono ya Mkunga, na juu kule kwenye vioo binti yake aliona kwamba sasa ameelewa. Fundi alinyamaza kwa hofu tu, si kwa kumaliza. Lakini Msajili hakuuliza ni kimya cha aina gani. Skafu ilianza kupanda.

Mama Pacha alikandamiza kitufe. "Fundi! Pampu ya shule ya wasichana! Ilikuwa inaumwa nini?"

Ukumbi mzima ukageuka. Fundi akainua kichwa.

"Ile?" akasema. "Ile haikuwa inaumwa. Walikuwa wanaipampu wasichana wawili kwa mpigo, mmoja upande huu, mmoja upande huu, wakapinda mpini. Nilikata bomba la kitanda kibovu cha bweni, nikalichomeka ndani ya mpini, mpaka leo lipo."

Skafu ikasimama hewani.

"Kitanda cha chuma gani?" Mama Pacha aliuliza, huku tayari anavua hedifoni. "Kilikuwa cha rangi gani? Nieleze, Baba!"

Akashuka ngazi mbilimbili. Alipofika kwenye ujia, Fundi alikuwa bado kwenye habari za kile kitanda, kilikuwa cha kijani, kilivunjika kwa sababu ya mchezo wa kuruka. Akapanda jukwaani. Msajili hakumzuia, kanuni haikusema lolote kuhusu mtu wa pili. Akamshika baba yake kiwiko.

"Na baada ya pale ulikwenda wapi?"

"Nilikwenda kwenye kile cha mashine ya kusaga."

"Twende ukinieleza."

Wakashuka jukwaani, wakapita katikati ya viti, Fundi akieleza. Nyuma yao Msajili alishuka naye, skafu imeinuliwa usawa wa kifua, na nyuma yake wale sita wakainuka, wakajipanga wawili wawili. Hakuna aliyekimbia. Walitembea mwendo wa mahafali, ule wa mguu mmoja kusubiri mwingine. Mama Pacha akaharakisha. Alipogeuka langoni walikuwa hatua kumi nyuma. Akaharakisha zaidi, mpaka Fundi akawa anahema katikati ya maneno. Alipogeuka kwenye kona ya kinyozi walikuwa hatua kumi nyuma, na mwendo wao haukubadilika.

Barabarani watu walipisha, wakidhani ndiyo sherehe yenyewe. Mwuza magodoro akapiga makofi. "Hongera, Daktari!" Fundi alimpungia mkono bila kuacha kueleza nati zinavyoshika kutu.

Hapo ndipo Mama Pacha alipogundua jambo lililomtia baridi kuliko ule msafara. Alikuwa anaishiwa maswali. Miaka arobaini mtu huyu alirudi nyumbani na matope magotini, na yeye hakujua hata majina ya vifaa vyake. Hakujua aulize nini. Kila alipotafuta akilini alikuta mahali pale alipowahi kumkatiza.

"Cha ngapi sasa?" alisema. "Taja vyote. Kimoja kimoja."

"Cha kumi na saba kilikuwa na nyoka."

"Mkubwa? Mdogo? Nieleze, Baba, usiruke kitu."

Pacha walikuwa wamewafuata mbio kutoka ukumbini, viatu mkononi. Wao walikuwa na maswali mengi, kwa kuwa wao walikuwa wanamsikiliza. "Babu, eleza ulivyomtoa kwa mwavuli! Babu, na ile ndoo? Babu, yule mwalimu mkuu aliyeangusha meno ya bandia?" Hivyo ndivyo walivyofika nyumbani, masimulizi yakiwa kwenye kisima cha tisini na nne, sauti ya Fundi ikiwa imekwaruzika kama sufuria inayosuguliwa mchanga.

Fundi akaketi kwenye kizingiti. Miguu ilikuwa imemkataa. Msafara ukaingia uani bila kugonga, ukazunguka kizingiti nusu duara. Msajili akasimama nyuma ya bega lake. Kwa ukaribu ule Mama Pacha aliona kwamba glavu zilikuwa zimelowa jasho, na kwamba midomo ya Msajili pia ilikuwa inacheza, pamoja na ya wale sita.

"Cha mia moja na tatu," alisema Fundi. Sauti ilibaki uzi. "Hiki sijawahi kumweleza mtu."

"Nieleze mimi."

"Cha zahanati. Nilikuwa chini, futi hamsini. Nimeshapandisha fito zote za chuma za pampu, imebaki bolti moja. Wakaja watu juu, wakainama, wakaita. 'Fundi, panda, mkeo amezidiwa, anakutaka.' Nikawasikia. Nikifungua mkono, fito zinaanguka chini, zahanati inakaa mwezi bila maji. Nikasema naja. Nikaikaza ile bolti. Ilikuwa na kutu, haikutaka. Wakaniita mara ya pili. Nikaikaza. Mara ya tatu hawakuniita jina. Walinyamaza tu. Na mimi nikajua, mama, nikiwa kulekule chini. Nilikaza mpaka ikafika mwisho, kwa sababu sasa hakukuwa na sababu ya kupanda haraka."

Mama Pacha aliambiwa siku zote kwamba mama yake alipokufa, baba yake alikuwa safarini. Alitafuta swali. Hakulipata. Pacha walikuwa wanalia. Fundi aliinamisha kichwa, siyo kwa ajili ya skafu, bali kwa sababu shingo ilikuwa imechoka kukibeba.

Kimya kikaingia uani. Kuku mmoja alikuwa anaparua karibu na bomba, naye akaacha.

Skafu ikapanda. Kivuli chake chekundu kikaanguka juu ya shingo ya Fundi, kikashuka, kikakaribia. Mama Pacha aliinua mkono kuishika, mkono ukawa mzito kama wa mtu aliye ndotoni.

Kisha kivuli kikasimama.

Msajili alikuwa anatazama kile kisogo chenye mvi. Mdomo wake ulikuwa umeacha kucheza. Ukafunguka, ukafunga, ukafunguka tena kwa shida, taya likitetemeka kama mpini wa pampu ambao haujaguswa miaka mingi. Wale sita nao walikuwa wametulia. Kilichotoka kilikuwa kidogo, kikavu, hakikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote.

"Halafu?" aliuliza Msajili.

Fundi akageuka kumtazama.

"Halafu," alisema, "naomba maji kwanza."

Pacha mmoja akakimbilia ndani, akarudi na kikombe kimejaa mpaka kinamwagika. Fundi alikishika kwa mikono miwili, akanywa. Alikunywa taratibu, koo likipanda na kushuka, akapumzika katikati, akaendelea. Kilikuwa kimya kirefu kuliko vyote vya siku ile. Hakuna aliyeinua mkono. Mkunga alikuwa amekaa chini, kwenye vumbi, juu ya joho lake jekundu, kidevu kiganjani. Mjenzi wa madaraja akaketi naye, kisha mwalimu wa viziwi, na wengine wakafuata. Msajili alibaki wima, skafu ikimning'inia mkononi kama taulo. Mama Pacha akavuta kigoda, akakaa karibu na magoti ya baba yake, akasubiri kikombe kiishe.